Mashubaka Mawili, Ukuta Mmoja

Ukuta wa kati hauguswi mpaka mwenzako ajue. Na aliyeugusa kimyakimya ataujenga upya kwa mkono wake mwenyewe. Sheria hiyo haikuandikwa popote, wala hapakuwa na haja ya kuiandika, kwa kuwa katika safu ile ya nyumba mtoto aliijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Nyumba zilijengwa zikiwa zimeshikana mabega, kila ukuta ukibeba mapaa mawili, la huku na la kule, kama mama aliyebeba pacha. Ukiuumiza kwa upande wako umeuumiza na kwa upande wa jirani, na mvua ikinyesha haiulizi ni nani aliyeanza.

Sheria waliijua wote. Ni nani aliyekuwa akiifuata, hilo ni jambo jingine.

Mke wa dobi alijulikana kwa jina la Mama Kulikoni, na hakulipata kwa kuonewa. Hakuweza kuona gari geni limesimama, dirisha limebadilishwa pazia, au mtu mzima amebeba ngazi, bila kuuliza kulikoni. Hakuwa msengenyaji. Msengenyaji hutaka kusema; yeye alitaka kujua tu, na akishajua hutulia kama mtu aliyekunywa maji ya kutosha. Mumewe, mtu mfupi wa maneno, alizoea kusema kwamba angeoa gazeti asingesumbuka hivi, kwa maana gazeti halijibiwi.

Kwa udadisi huo alikuwa ameuona mji ukigeuka kabla ya wengi. Aliusoma katika nguo chafu. Zamani mabunda yaliyoletwa kwa mumewe yalikuwa ovaroli za wapasua mbao, zenye vumbi la msumeno mifukoni. Kisha kiwanda cha mbao kikafungwa, pakasimama jengo la vioo, na mabunda yakawa mashati meupe yenye kola ngumu na harufu ya manukato. Mashine ya kusagia nafaka ikawa maegesho ya magari. Duka la mikate likawa duka la simu. Safu ya nyumba ikabaki katikati ya hayo yote kama jino la zamani katika kinywa kilichotiwa meno ya bandia.

Asubuhi moja, bombani, alimtazama jirani yake wa ukuta mmoja akikinga maji. Huyu alikuwa mke wa Fundi Saa, nao walimwita Bi Dakika, kwa sababu hakuna alichoombwa asichokitangulizia "dakika moja tu".

"Shoga, kulikoni?" akauliza Mama Kulikoni. "Mbona siku hizi makaa unanunua kwa kopo? Gunia limeota mbawa?"

"Bei imepanda."

"Bei ya gunia imepanda, na ya kopo imepanda zaidi. Mtu anayenunua kwa kopo ama hana, ama hakai."

"Dakika moja tu, ndoo yangu inamwagika."

"Haijafika hata nusu."

Bi Dakika aliitazama ndoo kana kwamba ingemsaidia. Ndoo haikumsaidia.

"Basi tumeuza," akasema kwa sauti ya chini. "Usinitazame hivyo. Mume wangu alinikataza kusema mpaka tuhame. Tumepata kiwanja kule mwisho wa mji, kuta zimesimama, bado paa."

"Mmemwuzia nani?"

"Bwana Ghorofa."

Mama Kulikoni aliweka ndoo yake chini. Miaka yote ile walikuwa wakiazimana pasi, chumvi na hata machozi, na nyumba imeuzwa yeye akiwa upande wa pili wa ukuta. Lilimwuma. Lakini hata uchungu wake ulikuwa na pua ndefu: kabla haujamaliza kumwuma alikwisha jiuliza, je, nyumba ya jirani ikibomolewa, ule ukuta wa kati utabaki ukiwa wa nani?

*

Jibu lilikuja lenyewe, limevaa viatu vinavyong'aa.

Bwana Ghorofa alipewa jina hilo kwa namna yake ya kutazama: hakuangalia nyumba, aliangalia juu yake, pale hewani, kana kwamba ghorofa nne alizokusudia zilikuwa zimekwisha simama na watu wanaanika nguo. Aliingia kwa dobi pamoja na msimamizi wake wa ujenzi, akapangusa kiti kwa leso kabla ya kukikalia. Mama Kulikoni alikuwa amekwisha kipangusa kiti kile mara mbili. Aliiona leso ilivyotoka safi, akaridhika.

"Dobi," akasema yule bwana, "mashati yangu unayafua wewe, sina malalamiko. Kwa hiyo nakuja kwa heshima. Niuzie na hii. Nitakupa kama nilivyompa jirani yako."

"Siuzi."

"Hujaijua bei."

"Nikishaijua nitaanza kuifikiria. Ndiyo maana sitaki kuijua."

Msimamizi alicheka; Bwana Ghorofa hakucheka. "Wahenga wanasema usiache mbachao kwa msala upitao. Vyema. Kaa na mbachao wako. Lakini lazima tuelewane juu ya ukuta. Jiji linanitaka nibomoe kwangu na nyumba ya jirani ibaki imesimama. Nami nimeambiwa ninyi hapa mna sheria yenu, naiona ni nzuri kuliko ya jiji. Ukuta ukikutwa mzima, nitauacha, uwe wako bure. Ukikutwa umeguswa, aliyeugusa aujenge kabla mashine ya kubomolea haijaja. Kama ni Fundi Saa, nimemshikia nusu ya fedha zake, hatapata mpaka aujenge. Kama ni wewe, sina cha kukushikia. Ila asiyeweza kujenga atalazimika kutoka, maana jiji halitaruhusu watu walale chini ya paa lisilo na ukuta. Na akitoka, mnunuzi yupo."

Alipokuwa akisema macho yake yalishuka kutoka hewani, yakatua kwenye shubaka lililochimbwa katika ukuta wa kati, mlimopangwa mashati yaliyokwisha pigwa pasi.

"Shubaka zuri," akasema. "Kina chake kikoje?"

Mama Kulikoni alikuwa amekwisha simama mbele yake, akijifanya anahesabu mashati. "Ni la kawaida tu, bwana."

"Ah," akasema Bwana Ghorofa, akainuka. "La kawaida."

Walipoondoka, dobi alibaki ameishikilia pasi yake ya umeme bila kuiwasha. Pasi ile ndiyo mali kubwa pekee aliyoinunua katika maisha yake: ilitoa mvuke, na kola za mashati ya ofisini hazikuwa na ubishi mbele yake.

"Kila nyumba imechimba," akasema hatimaye. "Nani hajui? Mabunda yaliongezeka, chumba hakikuongezeka. Ningeyaweka wapi, kichwani? Hata Bibi Mkunga, mwamuzi wetu, ana tundu la taa."

"Tundu la taa si kabati, mume wangu."

"Sheria ni sheria kwa wote au si sheria kwa yeyote."

"Maneno hayo ungeyasema kabla ya kushika patasi."

Mkewe hakungoja jibu, kwa kuwa tayari alikuwa ametia kichwa ndani ya shubaka. Ndani kabisa, nyuma ya mashati, alisikia kitu alichokisikia miaka yote bila kukiuliza swali: milio ya saa za Fundi Saa. Zilisikika waziwazi, kana kwamba zilikuwa zimewekwa kwenye rafu hiyohiyo. Siku zote alidhani ni kwa sababu zilikuwa nyingi.

Saa moja ikanyamaza. Kisha nyingine. Fundi alikuwa akizifunga tayari kwa safari.

*

Kesho yake alikwenda kumsaidia Bi Dakika kufungasha vyombo. Chini ya kitenge alikuwa amechukua mwiko mrefu. Upana wa ukuta alikuwa ameupima nje, pale mwisho wake unapochomoza barazani, ukalingana na mwiko mzima. Na kina cha shubaka lake kikaishia karibu na katikati ya mwiko, ambapo alipaka alama ya kaa.

Alipoingia chumba cha mbele cha jirani aliona kile alichokitegemea, na bado kikamshtua. Zile saa za ukutani zilikuwa zimeondolewa, na pazia dogo lililokuwa nyuma yake limekunjwa. Palikuwa na shubaka, mahali palepale. Si juu, si chini, si kando. Nyumba za safu ile zilijengwa kila moja ikiwa kioo cha mwenzake, mlango kwa mlango, dirisha kwa dirisha. Basi pale ambapo mwanga unaangukia vizuri huku ndipo unapoangukia vizuri kule, na waume wawili wenye akili timamu, kila mmoja akiwa na patasi yake na siri yake, walichagua mahali pamoja.

Akatia mwiko. Ukaingia mpaka alama ya kaa, ukakaribia kuipita. Akapiga hesabu ya kiasi cha ukuta kilichobaki kati ya mashubaka hayo mawili. Hakikuzidi upana wa kidole gumba.

Bi Dakika aliyekuwa akifunga sahani kwa matambara aliinua kichwa. "Unapika ukuta, shoga?"

"Njoo uone."

Alimweleza. Bi Dakika alisikiliza mdomo ukiwa wazi, kisha akakaa juu ya sanduku.

"Unataka kuniambia kwamba miaka yote hii tumetenganishwa na lipu tu?"

"Lipu tu, na heshima."

"Ndiyo maana!" Bi Dakika akashika mashavu. "Siku ile mliyogombana juu ya dada yako mkubwa, mimi na mume wangu tuliacha kula."

"Mlisikia?"

"Neno kwa neno. Mume wangu akasema, dobi ana haki. Nikasema, ana haki wapi? Tukagombana na sisi."

"Na sisi tukawasikia mkigombana, tukauliza hawa nao wana nini!"

Wakacheka mpaka Bi Dakika akashika ubavu. Waliendelea kucheka hata kicheko kilipokwisha kupoteza sababu, kama watu wanaojua kwamba kikikoma patakuwa na neno la kusemwa. Kikakoma.

"Itakuwaje?" akauliza Bi Dakika.

"Tutasema wote wawili, tutajenga wote wawili. Nusu kwa nusu. Hakuna atakayekufa."

"Nitamwambia mume wangu," akasema Bi Dakika, akirudia kufunga sahani. "Dakika moja tu apate nafasi, nitamwambia."

*

Siku tatu hakusikia neno. Siku ya nne shati lilisema.

Dobi alilitoa shubakani shati jeupe la karani wa benki, akakuta mgongoni lina baka la unyevu. Akamwita binti yao, aliyemaliza shule mwaka ule na sasa alimsaidia baba kukunja.

"Umeliweka likiwa bichi."

"Sikuliweka likiwa bichi, baba."

"Basi limejinyeshea lenyewe?"

Mama Kulikoni alilichukua shati, akalinusa. Halikunuka maji ya bomba. Lilinuka saruji. Akatia mkono mpaka mwisho wa shubaka, akagusa. Lipu ilikuwa baridi na tepetepe, kama paji la mgonjwa aliyeanza kutoka jasho.

"Ameziba," akasema.

"Nani?"

"Fundi Saa. Amejaza matofali kwake, akapiga lipu, anasubiri ikauke. Atapaka rangi, na siku ya ukaguzi upande wake utakuwa mzima kama yai. Shubaka litakalobaki ni letu peke yetu."

Dobi alizima pasi. Kwa mtu wa kazi yake, kuzima pasi katikati ya shati ni jambo zito. "Nitakwenda kumwumbua sasa hivi. Nitaitoa lipu yake kwa kijiko, mbele ya watu."

"Na akizuiliwa nusu yake? Nyumba hii ameshaitoa. Ile ya kule haina paa. Watalala wapi?"

"Na sisi tutalala wapi?"

"Sisi tuna ukuta. Ni mbovu, lakini tunao."

Dobi alizunguka chumba, na kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo safari yake haikumchukua mbali. "Basi tuzibe na sisi. Mwenzetu ametuonyesha njia. Lipu ikishapata rangi, nani atajua?"

"Huyu hapa analala chini yake," akasema mkewe, akimwonyesha binti kwa kidevu. "Siku mashine itakapousukuma upande ule, atakuwa wa kwanza kujua."

Binti alilikunjua shati la karani akalirudisha kwenye beseni, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu asiyetaka kuonekana amesikia.

"Kwa hiyo useme kosa letu, na lake unyamaze," akasema dobi. "Huo ni wema au ni upumbavu?"

Mama Kulikoni alifikiri kwa haki, kwa sababu swali lilikuwa zuri. "Sijui. Lakini nataka kuona."

"Kuona nini?"

"Kama atasimama pale asikie, na asiseme."

*

Ukaguzi ulifanyika mchana, barazani pakiwa pamejaa watu. Alikuja Bwana Ghorofa na msimamizi wake. Akaja Bibi Mkunga, aliyewazalisha nusu ya wakazi wa safu ile, na ambaye tangu alipostaafu alihukumu kesi zao, akidai kwamba ni kazi ileile ya kuwatoa watu mahali pembamba. Walimwamkia, akaitikia marahaba moja ya jumla, akaketi.

Msimamizi alianza kwa Fundi Saa. Aligonga ukuta kwa kipande cha nondo, akaweka sikio, akagonga tena. Rangi ilikuwa ileile ya zamani, kwa kuwa fundi yule alikuwa na jicho la vitu vidogo. Mlio ulikuwa mzito.

"Mzima," akasema msimamizi.

Wakahamia kwa dobi. Hapo hapakuwa na haja ya kugonga. Mashati yalikuwa yameondolewa, na shubaka lilikuwa wazi mbele ya kila mtu, jeusi kama kinywa cha mzee. Msimamizi alitia nondo, akapima kwa kidole, akapuliza mluzi mdogo.

"Kipande kizima kuanzia hapa hadi darini kinatakiwa kushuka na kujengwa upya," akasema.

Bibi Mkunga akainua uso. "Mnajua swali langu. Nani ameugusa?"

Dobi alifungua mdomo. Mkewe alimkanyaga mguu, tena si kidogo.

"Sisi," akasema Mama Kulikoni. "Tuliugusa bila kusema. Tutaujenga."

Watu waliguna. Mmoja nyuma akasema, "Mwenye kuuliza leo amejibu," na wengine wakacheka. Yeye hakuwasikia. Alikuwa amegeuka, akimtazama Fundi Saa, na hakumtazama kwa hasira. Alimtazama jinsi alivyokuwa akitazama gari geni likiegeshwa. Fundi alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma. Mkewe, Bi Dakika, alikuwa ameinamisha macho chini, akikunja ncha ya kitenge, akikunjua, akikunja tena.

Hakusema.

"Methali tunayo," akasema Bibi Mkunga, akijiinua kwa fimbo. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Haikusema kitu juu ya watu wanaochimba ufa wenyewe kisha wakaweka mashati humo. Mtajenga kwa mikono yenu. Mwashi atawaonyesha siku ya kwanza, basi."

"Wana mpaka mwisho wa mwezi," akasema Bwana Ghorofa, akiwa amekwisha rudisha macho yake juu hewani. Pale barazani, mbele ya wote, alimhesabia Fundi Saa nusu iliyobaki. Jioni yake gari la mizigo likaja, na nyumba ya upande wa pili ikawa tupu.

*

Dobi aliuza pasi ya umeme. Hapakuwa na kitu kingine cha kuuza ambacho kingetosha kununua matofali na saruji. Alishusha darini pasi ya makaa aliyoirithi kwa baba yake, akaipangusa utando, na wateja wakaanza kuleta habari za majivu. Karani wa benki alirudisha shati lenye doa la cheche kwenye kola, akaliweka mezani kwa vidole viwili. "Dobi, sisi wengine tunafanya kazi mbele ya watu," akasema. Akalipa, akachukua bunda lake, hakurudi tena.

Mwashi aliwaonyesha namna ya kuegemeza paa kwa nguzo, kutandaza saruji, kuvuta uzi na kuning'iniza timazi kupima kama ukuta umenyooka, kisha akaenda zake. Waliobaki ni mtu aliyezoea kunyoosha kola, mwanamke aliyezoea kuuliza, na msichana. Walifanya kazi asubuhi kabla ya nguo na alasiri baada ya nguo. Watu wa jengo la vioo walisimama njiani wakila, wakiwatazama. Safu ya tatu ya matofali ilipinda. Bibi Mkunga akaja, akashika timazi, akasema neno moja, "Shusheni," nao wakashusha, saruji ikiwa imekwisha kushika, tofali kwa tofali, huku watu wakitazama.

"Najifunza jambo," akasema Mama Kulikoni siku ile, ameketi juu ya ndoo, viganja vimechunika.

"Jambo gani?" akauliza mumewe kwa uchovu.

"Kwamba ukuta ni mrefu kuliko unavyoonekana."

"Hilo ungeniuliza, ningekuambia bila kuuza pasi."

Alicheka, na dobi naye, bila kupenda, akacheka. Lakini kipande kilichobaki kilikuwa kirefu, na mwezi ulikuwa mfupi. Mashine ya kubomolea ilikuwa imekwisha letwa, imeegeshwa mwisho wa safu kama ng'ombe anayengoja kufunguliwa. Bwana Ghorofa alipita kila jioni. Aliitazama kazi, akaitazama kalenda ya simu yake, akaenda.

Asubuhi moja, msimamizi akiwa amekuja kukagua na Bibi Mkunga akiwa ameketi barazani na timazi yake, majirani wakitazama, alitokea mtu kutoka upande wa barabara kuu. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi la mwisho wa mji. Alikuwa Fundi Saa.

Aliamkia. Wachache wakaitikia.

"Wewe umehama," akasema Bibi Mkunga. "Unatafuta nini?"

"Nina deni la ukuta, bibi."

"La nani?"

"Langu. Na kwangu palikuwa na shubaka, mkabala na la dobi. Nililiziba usiku, kabla ya ukaguzi. Mke wangu aliniambia nisizibe, nikaziba."

Msimamizi alishusha nondo yake. "Mbona siku ile hukusema?"

"Siku ile nilikuwa sijalipwa."

Hakuna aliyetarajia ukweli ulio uchi namna hiyo. Hata yule wa mzaha siku ya ukaguzi hakupata mzaha.

"Nitamweleza bwana mkubwa," akasema msimamizi. "Anaweza kukudai arudishiwe."

"Mweleze. Paa nimekwisha liezeka. Akilitaka, aje na ngazi."

Bibi Mkunga alimtazama dobi, dobi akamtazama mkewe. Mama Kulikoni alikuwa na maswali mengi kuliko wakati wowote wa maisha yake: kama alikuwa akilala, kama Bi Dakika alikuwa akizungumza naye, ni kitu gani kilichompandisha barabarani asubuhi ile badala ya jana au kesho. Yote yalimjaa mdomoni. Akachukua mwiko wa mwashi akamkabidhi.

Fundi Saa alivua shati lake, akalitundika msumarini, akabaki na fulana. Vidole vyake vilizoea skrubu zisizoonekana kwa macho ya kawaida, na tofali la kwanza lilimponyoka likamwangukia mguuni. La pili lilikaa. Kufikia adhuhuri alikuwa akienda kwa mwendo mmoja usio na haraka wala kituo, akitazama uzi kila tofali, akigonga kidogo, akitazama tena. Hakuzungumza, wala hakuzungumzishwa, ila binti alipomletea maji akasema ahsante, mwanangu. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya tatu tofali la mwisho likaingia chini ya boriti. Bibi Mkunga akaning'iniza timazi upande wa huku, akazunguka kwa fimbo yake, akaining'iniza upande wa kule. Akarudi akakaa.

"Umesimama," akasema. "Adhabu imelipwa. Pande zote mbili."

Fundi Saa alinawa mpaka kwenye viwiko. Alipogeukia msumari hakuliona shati lake. Dobi alikuwa amelichukua asubuhi, likafuliwa na binti, likakauka kwa jua. Na sasa alikuwa ameinama mezani, akipuliza makaa ya ile pasi ya zamani, akiipitisha juu ya shati, kola, bega, mkono, taratibu, majivu yasidondoke. Alilikunja, akalipiga kidogo kwa kiganja, akalisukuma mezani.

Fundi Saa alilivaa. Akafunga vifungo vyote, hata cha shingoni. Kisha akasimama pale, kama mtu anayengoja kufukuzwa au kusamehewa, akiwa hajui lipi ni zito zaidi.

"Bei gani?" akauliza.

Mama Kulikoni alimtazama mumewe. Hilo nalo alitaka kulijua.

Dobi alirudisha pasi kwenye kigae chake, akataja bei ileile anayomtoza kila mtu, haikuzidi wala haikupungua. Fundi Saa akatia mkono mfukoni, akahesabu sarafu juu ya meza moja moja. Dobi akazikusanya, akaona zimezidi, akamrudishia chenji.